Umealikwa hekaluni kwa Masingasinga? Soma hii kwanza usije ukachemka kama mimi

Kama unakaa Arusha au Moshi umeshapishana nao tu, wazee wa vilemba, huyu ana gereji, yule ana mashine ya mbao, mwingine mkandarasi, na ipo siku mmoja atakwambia njoo Jumapili hekaluni tule. Usikatae. Mi nilikataa mara mbili nikajua wanataka kunibadilisha dini, mara ya tatu nikaenda kwa aibu tu maana mzee aliyenialika ndo bosi pale ninaporanda mbao hapa Moshi, na ndani ya dakika kumi nilikuwa nimeshaharibu mambo kama manne hivi.

Kwanza kabisa toa sigara mfukoni. Tumbaku kwao ni mwiko mkubwa, na ugoro wa babu nao ni tumbaku usijidanganye, pombe ndo usiseme, kama jana ulilala na mbege na bado unanukia subiri Jumapili ijayo. Mi pakiti ilikuwa mfuko wa shati, nilivyoinama kuvua viatu ikadondoka puu mbele ya mabibi watatu. Hakuna aliyesema neno. Bibi mmoja akaiangalia, akaniangalia mimi, akaangalia geti. Nikaelewa, nikatoka kwenda kuificha kwenye bodaboda.

Viatu vinabaki nje kwaiyo vaa soksi zisizo na tundu, nawa mikono, alafu funika kichwa, wanaume na wanawake wote. Kapelo siyo, beba leso kubwa au mtandio, ukisahau kuna kikapu cha vitambaa mlangoni. Salamu ni Sat Sri Akal, unaisema umekutanisha viganja kifuani. Mzee muite Mzee Singh au Sardarji, hili la Kalasinga tuliache mtaani.

Ukiingia ukumbini utaona watu wanaenda mbele wanapiga magoti, paji la uso mpaka chini. Hawasujudii sanamu, hamna sanamu mle, kilichopo ni kitabu, Guru Granth Sahib, kurasa 1430, kimewekwa juu chini ya kitambaa cha heshima na mtu anakipepea kwa usinga kama vile anampepea mfalme. Maguru wao, yaani walimu wakuu wa dini, walikuwa kumi, wa mwisho Gobind Singh kabla hajafa mwaka 1708 akasema baada yangu guru ni kitabu, basi usiku kinapelekwa kupumzika na asubuhi kinaamshwa. We kama Mwislamu au Mlutheri na dini yako hairuhusu kusujudu, simama kwa adabu kidogo, ukitaka weka chochote kwenye sanduku, alafu kakae. Sakafuni. Usielekeze nyayo kwenye kitabu, hilo ndo kosa langu la pili, nilinyoosha miguu kama niko kibarazani.

Sasa maongezi, maana hapa ndo wengi tunaharibu. Usimwite Baniani, na usimwambie eti dini yenu ni mchanganyiko wa Uhindu na Uislamu, hawapendi hiyo. Guru Nanak alizaliwa 1469 Talwandi huko Punjab, leo panaitwa Nankana Sahib na pako Pakistan, familia yake Wahindu lakini mwenzake wa safari, mpiga rababu Mardana, alikuwa Mwislamu, wametembea wote miaka na miaka. Alichofundisha ni Mungu mmoja asiye na umbo wala mwisho, ufanye kazi ya halali, ugawe unachopata, ulitaje jina lake. Kuzaliwa upya baada ya kufa wanaamini kama Wahindu, sanamu wanakataa kama Waislamu, ila kwao ni dini inayojitegemea. Na kwenye kitabu chenyewe kuna mashairi ya Sheikh Farid, sufi wa Kiislamu, ya Kabir mfumaji nguo na ya Ravidas fundi ngozi, mtu wa tabaka ambalo wengine walikuwa wanaogopa hata kuguswa nalo, na leo anayesujudu mbele ya kitabu anasujudu mbele ya maneno ya fundi ngozi pia. Mi hapo ndo walinikamata.

Na majirani imekuwa heri na shari. Guru wa tano, Arjan, aliuawa Lahore 1606 enzi za Jahangir, mfalme Mwislamu wa India, wa tisa, Tegh Bahadur, akakatwa kichwa Delhi 1675 kwa amri ya mfalme mwingine wa ukoo huohuo, Aurangzeb, na wenyewe wanasimulia alikufa akiwatetea Wahindu wa Kashmir waliokuwa wanalazimishwa kusilimu, yaani kafa kwa ajili ya dini isiyo yake. 1947 Punjab ikakatwa vipande viwili, kimoja India kingine Pakistan, na watu wakakimbia huku na huku. Alafu 1984, jeshi la India likaingia hekalu la dhahabu Amritsar, baadaye waziri mkuu Indira Gandhi akapigwa risasi na walinzi wake Masingasinga, kisha Masingasinga wakachinjwa mitaani Delhi. Hii ya 1984 usiianzishe we mgeni. Akiianzisha mwenyewe, sikiliza.

Tabaka pia uliza kwa akili. Mwaka 1699 pale Anandpur, Guru Gobind Singh aliita watu walio tayari kutoa kichwa, wakasimama watano, wa matabaka tofauti, kuna kinyozi, kuna mchota maji, akawanywesha wote bakuli moja alafu na yeye akanywa kwao. Tangu hapo wanaume Singh, simba, wanawake Kaur, ili jina la tabaka lipotee. Limepotea? Kwenye vitabu ndiyo. Kwenye ndoa wanaulizana bado, huyu Jat wa ukoo wa wakulima, huyu Ramgarhia wa ukoo wa maseremala na wahunzi, na Afrika Mashariki wengi ni hao Ramgarhia kwa sababu ile reli ya Mombasa mpaka ziwani, 1896 hadi 1901, ilihitaji mafundi wa chuma na mbao. Kabla hujawacheka jiulize Mmachame akitaka kuoa Kibosho kikao kinakuwaje nyumbani. Najua siyo kitu kimoja, sisi hatujawahi kuambiana usiniguse, ila ule mguno wa mashangazi ni uleule. Kwaiyo usiulize we tabaka gani, uliza babu yenu alitokea kijiji gani na alikuwa fundi wa nini, utapewa hadithi ya saa nzima.

Kabla ya kutoka ukumbini utapewa halua ya moto, unga wa ngano, samli na sukari kwa vipimo sawa. Kinga viganja viwili. Haikataliwi, kama hutaki nyingi sema kidogo, na samli inayobaki mkononi jipake tu, hamna tishu.

Alafu langari, msosi wenyewe, bure kwa yeyote. Mnakaa mstari mmoja chini, tajiri na mbeba mizigo, wanasimulia hata mfalme Akbar alipoenda kumuona Guru Amar Das ilibidi akae chini ale kwanza. Hamna nyama, ni dengu, mboga, wali, chapati, achari, ili wa dini yoyote ale bila wasiwasi. Chapati pokea kwa mikono miwili. Mi nilinyoosha mmoja, mzee akabaki ameishika hewani anatabasamu mpaka nilipoongeza wa pili. Usichukue usichomaliza.

Na ukija kumwalika yeye kwako muulize kwanza anakula nini, maana waliokula kiapo cha Khalsa, lile kundi lililoanzia kwenye bakuli la 1699, hawaruhusiwi nyama iliyochinjwa kwa ibada, na bucha zetu karibu zote ni halali, na ng'ombe wengi wao hawagusi kabisa. Pika maharage na ndizi, hutakosea.

Ukishakula sahani usiiache pale, ipeleke nyuma. Nilimkuta bosi wangu, yule ambaye kiwandani hata ubao haokoti, amekunja suruali anasugua masufuria. Akanisogezea dodoki. Akasema we suuza, mi nasugua.