Siku ya kwanza nyuma ya daktari wa farasi: mwongozo kwa aliyemaliza Senior Six

Kila mwaka, matokeo ya Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Uganda, yakisubiriwa, vijana wawili watatu hunipigia simu. Wanataka kusomea udaktari wa mifugo Makerere, na kabla ya kujifunga miaka 5 wanaomba kunifuata kazini siku moja. Nawakubali. Farasi Uganda ni wachache, na ukihitimu watakaokulisha ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini farasi atakutia adabu mapema.

Hatua ya 1: Jioni ya kuamkia siku hiyo

Weka tayari gambuti, ovaroli, daftari la kuingia mfukoni, penseli (wino hauvumilii mvua ya Jinja) na saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Usiniambie simu ina saa. Mikono yako itakuwa na kazi. Na kama hukumbuki chanjo yako ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini, pitia kliniki kwanza, maana vijidudu vyake hukaa kwenye mavi ya farasi na udongo wa zizini.

Hatua ya 2: Anza na saisi

Fika kabla yangu. Msalimie mtunza farasi kwa heshima, kisha uliza: "Mzee, huyu amekula chakula cha usiku? Amemaliza maji? Mavi ametoa?" Andika majibu. Swali la mavi usilione haya. Farasi asiyetoa mavi tangu jana ni habari kubwa kuliko chochote nitakachokisikia kwa stetoskopu.

Hatua ya 3: Kumkaribia

Njoo upande wa bega la kushoto, huku ukisema naye. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo haoni kilicho mbele kabisa ya paji la uso wala kilicho nyuma ya mkia. Ukilazimika kupita nyuma, ama mgandie kabisa, mkono ukiwa mgongoni mwake, ama pita mbali, mita 3 au zaidi. Hapo katikati ndipo teke hufika likiwa na nguvu zake zote.

Hatua ya 4: Hesabu moyo

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Farasi mzima aliyetulia, moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika. Siku yangu ya kwanza nilihesabu 76 nikamkimbilia daktari nikitweta. Alikwisha kufungua sanduku la dawa, akasita, akachukua stetoskopu yake mwenyewe. 38. Mimi nilikuwa nimehesabu "lub" peke yake na "dub" peke yake! Moyo wa farasi ni mkubwa na wa polepole, zile sauti mbili zinaachana kiasi kwamba mgeni hudhani ni mapigo mawili. Ni pigo moja.

Weka stetoskopu upande wa kushoto, nyuma tu ya kiwiko, uisukume kidogo chini ya msuli. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa 2. Huenda ukasikia pigo limerukwa, kimya, kisha moyo ukaendelea. Usipige kelele. Farasi wengi wazima hufanya hivyo wakipumzika, na wakitembezwa mbio kidogo hali hiyo hutoweka. Andika tu, kisha uniambie.

Huna stetoskopu? Papasa ukingo wa ndani wa taya la chini, utaupata mshipa unaoteleza kama uzi wa kiatu.

Hatua ya 5: Yaliyobaki

Pumzi ni 8 hadi 16 kwa dakika, ukitazama ubavu. Joto, likipimwa kwenye njia ya haja kubwa, ni kama nyuzi 37.5 hadi 38.5. Kipimajoto kifungwe uzi na kibanio cha nguo kishikwe mkiani, kisije kikapotelea ndani. Bonyeza ufizi kwa kidole, ukiachia rangi irudi ndani ya sekunde 2. Halafu sikiliza tumbo, juu na chini, kila upande. Ngurumo ni nzuri. Kimya ndicho kinachotisha, hasa farasi akiwa anatoka jasho, anaparua ardhi na kugeuka kutazama ubavu wake. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo tumbo likijaa bila pa kutokea linaweza kupasuka.

Hatua ya 6: Pima uzito kwa utepe wa fundi cherehani

Mizani ya farasi hatuna. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua, na urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 11,880. Kifua 170, urefu 150: utapata kilo 365 hivi. Dawa ya minyoo naipima kwa hesabu yako, kwa hiyo irudie.

Hatua ya 7: Nikiwa kazini

Nikisugua meno kwa tupa (yanaota maisha yote, kingo zake hukata shavu), wewe shika tochi. Farasi aliyepigwa sindano ya usingizi husimama ameinamisha kichwa kama mlevi, lakini bado anajua kupiga teke. Maswali yako yaweke hadi garini. Mbele ya mwenye farasi, nyamaza.

Hatua ya 8: Kabla ya magharibi

Tazama saisi akiingiza farasi bandani jua likiwa halijazama. Anawakwepa visubi, vijidudu vidogo virukavyo na kuuma, wanaoeneza ule ugonjwa wa farasi wa Afrika. Mwonekano wake ukumbuke: vile vishimo vilivyo juu ya macho hujaa vikavimba, na povu hutoka puani. Punda huupata bila kuumwa sana, farasi wengi hufa.

Chukua namba ya saisi kabla ya kupanda taksi. Kesho asubuhi mpigie, na kama kuna farasi aliyekuwa hatoi mavi, umuulize ameamkaje.