Kabla ya Kumwaga Zege: Mambo ya Kuzingatia Unapopanga Miundombinu ya Haidrojeni

Kila mradi wa haidrojeni una siku yake ya shangwe. Bango limetundikwa, wakubwa wamesaini hati ya makubaliano, picha zimepigwa. Ukiwahesabu waliopo utamkuta mwenye ardhi, mwenye fedha na mwenye mashine. Asiyekuwepo mara nyingi ni mtu aliyetia sahihi kwamba atachukua tani kadhaa kila siku, kwa bei fulani, kwa miaka fulani. Wahenga walikataza kukata kanzu kabla ya mwana kuzaliwa. Katika sekta hii tumezoea kukata kanzu, kofia na kilemba juu yake. Mnunuzi ndiye wa kutafutwa kwanza, na karibu kila jambo nitakalolitaja hapa linarudi kwake.

Sababu ni gesi yenyewe: haidrojeni haijui kungoja. Makaa ya mawe utayarundika uwanjani, dizeli itakaa tangini miezi kadhaa. Lakini kilo moja tu ya haidrojeni, ikiachwa bila kubanwa, inajaza zaidi ya mita 11 za ujazo, yaani chumba kidogo kizima. Kwenye tangi la gari hubanwa hadi baa 700, yaani karibu mara mia saba ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Ukitaka iwe kimiminika, uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, kazi inayoweza kula karibu theluthi ya nishati iliyomo. Mtambo ukianza kuzalisha na mtumiaji hajawa tayari, huna pa kuiweka kwa gharama ya maana. Palipo na miamba ya chumvi ardhini kuna nafuu: kule Teesside, Uingereza, haidrojeni imehifadhiwa katika mapango ya chumvi tangu 1972. Kwa hiyo muulize mwanajiolojia kabla hujamwita mhasibu.

Mnunuzi huyo ni nani basi? Usianze kumbuni, yupo tayari. Mwaka 2023 dunia ilitumia takriban tani milioni 97 za haidrojeni, karibu zote katika viwanda vya kusafisha mafuta, vya mbolea na vya kemikali, na karibu zote zilitokana na gesi asilia na makaa ya mawe. Iliyozalishwa kwa njia safi, kama vile kuvunja maji kwa umeme wa jua au upepo, haikufika asilimia moja. Hawa wanunuzi wanazo bomba, wana mafundi, na wanaijua tabia ya gesi hii. Kuwauzia haidrojeni safi badala ya ile chafu ni safari fupi kuliko kumshawishi mtu abadili gari, jiko na tabia kwa mpigo.

Kwenye magari madogo mimi ni mgumu kushawishika, na sababu ni hesabu. Umeme ukivunja maji, gesi ikabanwa, kisha ikageuzwa tena umeme ndani ya gari, magurudumu hupata takriban asilimia 30 ya umeme ulioanza nao. Betri hufikisha zaidi ya asilimia 70. Toyota ilianza kuuza Mirai, gari lake la haidrojeni, mwishoni mwa 2014. Miaka kumi baadaye, mwaka 2024, Shell ilivifunga vituo vyake vya kujazia magari madogo huko California. Mwenye gari la betri kituo kikifungwa anachomeka nyumbani. Mwenye gari la haidrojeni anabaki na gari zima lenye tangi tupu. Hata treni hazijasalimika: jimbo la Lower Saxony, Ujerumani, lilianza kubeba abiria kwa treni ya haidrojeni mwaka 2018, lakini lilipofikia kupanga ununuzi wa treni zinazofuata liliegemea zile za betri. Pa kuangalia ni mahali ambapo betri haifui dafu, kama mbolea, chuma na meli za masafa marefu.

Kwenye chuma kuna ubia wa kujifunza. Mradi wa HYBRIT nchini Sweden uliwakutanisha LKAB wenye mgodi, SSAB wenye tanuri na Vattenfall wenye umeme. Kila mmoja alihitaji kitu ambacho mwenzake anacho, na mwaka 2021 chuma cha kwanza kilichotengenezwa kwa haidrojeni badala ya makaa kilifika kwa Volvo. Ukiandika orodha ya wabia wako, jiulize kuhusu kila jina: akijitoa kesho, nini kinasimama? Kama hakuna kinachosimama, huyo ni mgeni mwalikwa.

Sasa umeme. Kilo moja ya haidrojeni hudai kilowati-saa 50 hadi 55, na hapa wapangaji wengi hujidanganya kwa kutaja megawati bila kutaja saa. Mtambo wa kuvunja maji wa megawati 100 ukifanya kazi usiku na mchana kwa nguvu zote unaweza kutoa kama tani 46 kwa siku. Ukiutegemezea jua peke yake, lenye kukupa robo ya saa hizo, unapata tani 11 au 12, ilhali mkopo wa mashine ni uleule. Na ukiuchomeka kwenye gridi inayolishwa na makaa ya mawe, haidrojeni yako itachafua hewa kuliko ile ya gesi asilia uliyokusudia kuiondoa. Wanunuzi wa Umoja wa Ulaya watakubana hapo hapo: kwa kanuni za 2023, umeme jadidifu (kama wa jua na upepo) unaotumika unalinganishwa na uzalishaji wa haidrojeni mwezi kwa mwezi hadi mwisho wa 2029, na kuanzia 2030 saa kwa saa. Soma kanuni za soko lako kabla ya kuagiza mitambo ya upepo, kwa maana cheti cha kuthibitisha kuwa haidrojeni yako ni safi hakitengenezwi baadaye.

Maji huzusha kelele nyingi kuliko yanavyogharimu. Kikemia ni lita 9 kwa kilo ya haidrojeni. Ukijumlisha kusafisha na kupoza yanaweza kuzidi maradufu. Hata kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari hula umeme kidogo sana ukilinganisha na kuyavunja. Ila kwenye eneo kame swali halihusu umeme. Linahusu nani atakunywa kwanza, na maji ya chumvi kali yanayobaki yatamwagwa wapi. Wenyeji waulizwe hilo mapema, wala si siku ya bango.

Usafirishaji uamuliwe na umbali na mahitaji ya mnunuzi. Lori zito la mitungi ya chuma hubeba kilo mia chache tu za gesi. Sehemu kubwa ya mzigo ni mitungi yenyewe. Bomba ni bora palipo na matumizi makubwa ya kudumu, ila kuna vyuma ambavyo haidrojeni huvifanya kuwa dhaifu na kupasuka, hivyo bomba la zamani la gesi lipimwe kwanza. Ujerumani iliidhinisha Oktoba 2024 mtandao wa kilomita 9,040, na takriban asilimia 60 yake ni mabomba ya gesi yatakayobadilishwa matumizi. Kuvuka bahari, meli ya Suiso Frontier ilifika Kobe, Japani, kutoka Australia mwezi Februari 2022 ikiwa na haidrojeni ya kimiminika, lakini tangi lake, lenye mita 1,250 za ujazo, halibebi hata tani 90. Amonia, kemikali ya mbolea inayotengenezwa kwa haidrojeni, husafirika kirahisi zaidi kwa sababu huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 tu chini ya sifuri, ingawa ni sumu. Kama mnunuzi wako anatengeneza mbolea, mpe amonia hivyo hivyo. Kuivunja tena kupata haidrojeni ni kutupa nishati.

Usalama uingie kwenye bajeti kabla ya mapambo. Haidrojeni haina harufu, mwali wake ni vigumu kuuona mchana, na hushika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa. Kwa kuwa hupanda juu haraka, vihisi vikae darini, na dari isiyo na matundu ni mtego. Juni 2019 kituo cha kujazia kililipuka Sandvika, Norway. Uchunguzi ulikuta kifuniko cha tangi ambacho bolti zake hazikukazwa sawasawa. Vituo vingine vikasimamishwa, na mauzo ya magari ya haidrojeni nchini humo yakasitishwa kwa muda. Bolti tu. Kwa hiyo wazimamoto wafundishwe kabla gesi haijafika, na kila fundi awe na karatasi inayoonyesha nani alikaza nini na nani alikagua.

Mkataba nao ueleze nani anabeba hasara ya mwezi ambao gesi imezalishwa na lori halijafika, au lori limefika na umeme umekatika. Kipengele cha kulipa uchukue usichukue ndicho benki hukitafuta kwanza. Pia ulizia kompresa (mashine ya kubana gesi) ya akiba, vipuri vyake na muda wake wa kufika, maana kwenye vituo vya kujazia ni miongoni mwa vifaa vinavyoharibika mara nyingi, na kikiharibika, foleni yote inasimama.