Mtoto mwenye tyubu shingoni: namna ya kumhudumia nyumbani

Mimi ni nesi wa wodi ya watoto, na kabla sijamruhusu mama aondoke na mtoto wa trakeostomi (tundu la kupumulia lililotobolewa shingoni na kuwekwa tyubu) namwambiaga hivi: mwanao akilia hutamsikia. Hewa inatokea kwenye tyubu kabla haijafika kwenye sauti, kwa hiyo usitegemee kilio kikuamshe usiku, lala naye chumba kimoja na masikio yako yazoee pumzi yake. Na asiachwe na dada wa kazi au bibi ambaye hajafundishwa, hata dakika 5 za kwenda dukani.

Hatua ya 1: kibegi. Ndani weka tyubu ya saizi yake, nyingine ndogo kwa namba moja (hii ndo watu wanaisahau), kamba za shingo, mkasi, katheta (mrija mwembamba wa kunyonyea makohozi), jeli ya maji sio mafuta ya kupaka, na ambu bagi (mfuko wa kubonyeza kumpa pumzi). Kibegi na mashine ya kunyonya makohozi vinaenda mtoto anapoenda, hata chooni. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo ulizia mashine ya betri au ya kukanyaga kwa mguu.

Hatua ya 2: kunyonya makohozi. Ukisikia anakoroma kifuani, au anahangaika, au makohozi yanachungulia kwenye tyubu, nawa mikono kwa sabuni. Namba ya katheta ni mara mbili ya tyubu, yani tyubu 4 inachukua katheta 8. Nguvu ya kunyonya ya mashine isizidi 100 mmHg. Urefu wa kuingiza pima kwenye tyubu ya akiba, weka alama, usipitilize ncha, maana ukigonga nyama ya ndani kila siku inachubuka na kuvuja damu. Ingiza bila kunyonya, nyonya wakati unatoa, isizidi sekunde 5 hadi 10, mwache apumue ndo urudie. Selaini (maji ya chumvi ya hospitali) usimwagie kwenye tyubu kila mara kwa mazoea, kuna watu wanafanya hivyo na haisaidii.

Hatua ya 3: shingo. Kila siku safisha kuzunguka tundu kwa gozi na maji safi, kausha vizuri hasa kwenye mikunjo ya chini ya kidevu maana jasho linaoza pale. Kamba mbadilishe mkiwa wawili, mmoja ameshika tyubu haiachii mpaka mwenzie amalize kufunga. Ikaze mpaka kidole kimoja tu kipite. Ikilegea tyubu inachomoka, na hilo ndo naliogopa kuliko yote.

Kuoga ni maji kidogo kwenye beseni, usimmwagie kichwani. Poda hapana, jiko la mkaa ndani hapana, sigara hapana, mchanga wa kuchezea pia hapana. Kile kichujio cha tyubuni, wengine wanaita pua bandia, avae, kikilowa makohozi badilisha.

Hatua ya 4: akibanwa. Nyonya kwanza. Katheta ikigoma kupita ujue tyubu imeziba, usikimbilie bajaji, utafika hospitali umechelewa. Kata kamba, toa tyubu, mkunjie taulo chini ya mabega shingo inyooke, ingiza mpya halafu chomoa ule mti wa kuongozea, unaokaa ndani ya tyubu mpya wakati wa kuingiza, hapohapo. Imegoma? Chukua ile ndogo. Akiwa bado hapumui mpe pumzi kwa ambu bagi kupitia tyubu huku mwingine anaita msaada. Haya yote fanya mazoezi wodini mbele ya nesi mpaka mikono isitetemeke, na baba naye afanye, sio kusimama mlangoni anaangalia.

Makohozi yakiwa ya kijani yananuka, au ana homa, mlete siku hiyohiyo. Damu mbichi inayotiririka kwenye tyubu ni kuja sasa hivi, na mnanyonya mkiwa njiani.