Kuujua mwamba wa mbele kabla ya kuuchimba

Ndani ya handaki tunalipua baruti kidogo, kisha tunasikiliza mwangwi wa mitetemo unaorudi kutoka kwenye mwamba wa mbele. Kabla ya yote, patana na msimamizi wa zamu kuhusu ukimya. Wakati wa kurekodi mitetemo, drili, kompresa na malori visimame. Atanung'unika, mvumilie.

Mpangilio niliouzoea ni matundu 24 ya baruti kwenye ukuta mmoja, kila moja kina cha mita 1.5, yakiachana mita 1.5 kuelekea uso wa handaki, yaani ukuta wa mbele unaochimbwa. Nyuma yake, mita 15 hadi 20, weka vipokezi viwili vya kunasa mitetemo, kimoja kila ukuta, ndani ya matundu ya mita 2. Hapa ndipo watu huharakisha na kuharibu kazi nzima. Kipokezi kisiposhikamana na mwamba kwa grauti (uji wa saruji) au gundi ya epoksi, utarekodi mlio wa bomba lake. Mimi hugonga ukuta kwa nyundo na kutazama skrini: mstari uruke, kisha utulie. Ukiendelea kutikisika, ng'oa uanze upya.

Fataki, yaani viwasha baruti, ziwe za kulipuka papo hapo. Mawimbi yakienda mita 5,000 kwa sekunde, kosa la milisekunde moja linauhamisha mpasuko wa mwamba mita 2.5 kwenye picha, maana wimbi huenda na kurudi. Gramu 50 hadi 100 za baruti zinatosha. Jaza maji juu yake, mwenye leseni alipue tundu moja moja.

Kwenye kusoma picha inayochorwa kutokana na mwangwi, usishtukie kila mstari. Mwangwi hurudi popote ugumu au uzito wa mwamba unapobadilika, hata pale pasipo na hatari. Linganisha mawimbi ya mgandamizo (yanayosukuma mwamba mbele na nyuma) na ya mkato (yanayoutikisa kando). Yote yakipungua kasi, tarajia mwamba uliovunjika. Ya mkato yakianguka huku ya mgandamizo yakibaki karibu palepale, shuku maji, kwa sababu mawimbi ya mkato hayapiti kwenye maji.

Mpasuko unaokatiza njia ya handaki huonekana vizuri; unaolala sambamba nalo huweza kukupita kabisa, na hakuna programu itakayokuokoa hapo.

Kwenye ripoti siandiki "maji mita 62". Naandika "kati ya mita 55 na 70, mkifika 40 simameni, chorongeni tundu la upelelezi lenye vali". Mwamba mgumu hunipa kama mita 100 za kuaminika, na narudia kipimo zikiwa zimebaki 20 au 30.