Sauti inasikika, picha haipo: kuondoa kizuizi cha filamu kati ya kompyuta na TV

Siku ya pili ya Idi nilikuwa Bombo, Uganda, kwa shangazi yangu. Watoto walijaa sebuleni, laptopu imechomekwa kwenye TV kwa waya wa HDMI, filamu ya Netflix imeanza. Sauti ilitoka vizuri na maandishi ya tafsiri yalipita chini kama kawaida, ila picha yenyewe ilikuwa nyeusi tii. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, watu nawasikia wanaongea, mbona hawaonekani?"

Nilianza baada ya magharibi nikamaliza karibu na saa sita usiku. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi ukijua pa kuanzia, na ndiyo sababu naandika.

Filamu za kulipia hutoka kwenye kompyuta zikiwa zimefungwa. Kabla ya kuachia picha, kompyuta hubisha hodi kwa TV na kungoja jibu linalothibitisha kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachoruhusiwa kuionyesha. Utaratibu huo unaitwa HDCP. Ulibuniwa na Intel, na leo umo ndani ya karibu kila TV yenye tundu la HDMI. Katika matoleo yake ya kwanza kila kifaa kina funguo za siri 40, na hata baada ya kukubaliana vifaa huendelea kukaguana kila baada ya fremu 128 (fremu ni picha moja moja zinazounda video), yaani kama sekunde mbili. Jibu likikosekana, picha hufungwa, na sauti mara nyingi huachwa iendelee. Kwa hiyo ukiona weusi, usikimbilie kusema TV imeungua. Tafuta nani ameshindwa kuitikia hodi.

Hatua ya 1: Cheza video yako mwenyewe

Chukua video uliyorekodi kwa simu, ya harusi au ya mtoto anayecheza uani, uifungue kwa programu ya VLC kwenye laptopu hiyo hiyo, kwa waya ule ule. Ikionekana kwenye TV, basi picha inapita na tatizo liko kwenye ulinzi. Isipoonekana, una tatizo la kawaida la waya, tundu au chanzo ulichochagua kwenye rimoti, na mwongozo huu hautakusaidia.

Hatua ya 2: Zima vyote, uwashe kwa mpangilio

Zima laptopu, zima TV, kisha chomoa TV ukutani kwa dakika moja. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Washa TV kwanza, chagua tundu la HDMI, halafu ndipo uwashe laptopu. Kwetu umeme ukikatika na kurudi ghafla, vifaa huamka kwa nyakati tofauti na hodi hubishwa kabla mwenye nyumba hajafika mlangoni. Hatua hii peke yake imenitatulia kesi nyingi.

Hatua ya 3: Fupisha mnyororo

Hapa ndipo nilipopotezea usiku wangu, kwa hiyo nivumilie.

Waya uliokuwa umechomekwa kwenye laptopu ya shangazi ni ule wa dekoda. Watoto waliuchomoa kwenye dekoda wakauingiza kwenye laptopu. Niliona ncha moja kwenye laptopu, nikaona waya mwingine wa HDMI ukiingia nyuma ya TV, nikaamini ni waya mmoja. Nikabadilisha kivinjari. Nikapakua draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, na kumaliza bando. Nikatoka hadi kwenye duka la kando ya barabara ya Gulu kununua waya mpya, nikauweka upande wa laptopu tu. Weusi ule ule.

Saa tano usiku ndipo nilipovuta kabati. Nyuma yake kulikuwa na spilita, kile kisanduku kidogo chenye mlango mmoja wa kuingilia na miwili ya kutokea. Fundi aliyefunga dekoda aliiweka ili chumba cha watoto nacho kipate picha. Huko chumbani hakukuwa na TV. Kulikuwa na skrini ya zamani ya kompyuta, iliyounganishwa kwa kibadilishi cha HDMI kwenda VGA, ule muunganisho wa zamani wa skrini za kompyuta.

VGA haina njia yoyote ya kufanya mazungumzo ya HDCP, na kibadilishi kile hakikuwa na funguo. Spilita nayo, kwa kanuni za HDCP, haisemi kwa niaba ya TV moja. Hukusanya vitambulisho vya kila kifaa kilicho nyuma yake na kuvipeleka kwa kompyuta. Mmoja akikosa kitambulisho, picha inaweza kufungwa kwa wote. TV ya sebuleni ilikuwa nzima kabisa, ikaadhibiwa kwa kosa la skrini ya chumbani.

"Lakini skrini ya chumbani imezimwa," shangazi aliniambia, na ni kweli ilikuwa imezimwa. Kibadilishi hupata umeme wake mdogo kupitia waya wa HDMI wenyewe, kutoka kwenye spilita, kwa hiyo kilihesabika kuwa kipo. Na dekoda haikuwahi kulalamika kwa sababu vituo vya bure ilivyokuwa ikionyesha havikudai ulinzi huo. Ndiyo maana hakuna aliyeishuku spilita kwa muda wote huo.

Fanya hivi basi:

Shika waya kwa mkono kuanzia kwenye laptopu, uufuate hadi uguse TV. Usiufuate kwa macho. Kila utakachokutana nacho katikati, iwe spilita, swichi ya kuchagua vifaa, spika za ukumbi zenye HDMI au kiungio cha kurefushia waya, kiondoe. Usikizime, kiondoe kabisa. Spilita iliyochomolewa umeme tu inaweza kukata picha yote na kukupoteza zaidi, na TV ya pili iliyozimwa kwa rimoti bado inaweza kuitikia.

Bakisha laptopu, waya mmoja, TV. Jaribu filamu. Ikionekana, rudisha kifaa kimoja kimoja, na kila ukirudisha kimoja anza filamu upya. Yule atakayeleta weusi umempata.

Kama laptopu yako haina tundu la HDMI na unatumia adapta ya USB-C, adapta nayo ni sehemu ya mnyororo. Zipo zinazopitisha HDCP vizuri na zipo zisizopitisha. Ninazoziogopa zaidi ni zile za USB ya kawaida zinazohitaji usakinishe programu yake kwanza. Hizo huitengeneza picha kwa programu na kuipitisha kwenye USB, na filamu zilizolindwa huzigomea mara kwa mara. Azima adapta nyingine kabla ya kununua.

Ikiwa ni lazima TV mbili zionyeshe kitu kimoja, tafuta spilita iliyoandikwa HDCP 2.2 (toleo la baadaye la ulinzi huo), yenye umeme wake, na pande zote mbili ziwe TV za HDMI kweli. Utauziwa pia visanduku vinavyosifiwa kuwa vinaondoa ulinzi. Mimi sivifungi kwa mtu. Uliyelipia huduma una haki ya kuona filamu yako, na njia halali ipo: toa kinachozuia katikati.

Hatua ya 4: Waya

Mita moja na nusu au mbili, basi. Rangi ya dhahabu kwenye ncha haikuongezei picha. Picha ikija na kupotea kila baada ya sekunde chache, mshuku waya kwanza, kwa sababu ule ukaguzi wa mara kwa mara unashindwa. Waya wa mita kumi uliopitishwa ukutani unaweza kuonyesha video ya harusi bila shida na ukashindwa kwenye filamu.

Hatua ya 5: Skrini moja tu

Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague la nne, yaani skrini ya pili peke yake. Ukirudufisha picha kwenye skrini mbili, skrini zote mbili hupimwa. Projekta ya VGA uliyoisahau imechomekwa ni sawa na ile skrini ya chumba cha watoto.

Hatua ya 6: Kivinjari

Kwenye Windows natumia Edge kwa Netflix, na sijaona sababu ya kuhama. Ukipenda Firefox, ingia kwenye mipangilio uhakikishe umeruhusu kucheza maudhui yaliyolindwa. Bila ruhusa hiyo filamu haianzi kabisa, hata kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Funga programu zote za kurekodi skrini na za kushirikisha skrini kwenye mikutano, kwa sababu nazo huleta weusi.

Watu hushauriana kuzima matumizi ya kadi ya picha kwenye mipangilio ya Chrome. Mara nyingine picha hurudi, lakini huenda kivinjari kimehamia kwenye ulinzi dhaifu na huduma ikakupa ubora wa chini. Itumie kama kipimo: picha ikirudi kwa njia hiyo, ni dalili kwamba shida huenda ni HDCP, kwa hiyo rudi hatua ya 3. Usiiache hivyo.

Draiva ichukue kwa mtengenezaji wa laptopu au wa kadi ya picha, Intel, AMD au NVIDIA. Tovuti za draiva za bure achana nazo.

Hatua ya 7: Ikiwa ni 4K tu inayogoma

Filamu ya kawaida inacheza, ya 4K (picha yenye ubora wa juu sana) haichezi au inashuka ubora. 4K iliyolindwa hudai HDCP 2.2, na TV za 4K za mwanzo mwanzo nyingine zina tundu moja au mawili tu yenye toleo hilo. Soma maandishi madogo kando ya matundu, hamisha waya, jaribu tena. Kwenye baadhi ya TV tundu lazima pia liruhusiwe ndani ya menyu ya mipangilio ya HDMI. Spilita au swichi ya zamani nayo itakuzuia hapa hata kama filamu za kawaida inazipitisha. Ukikwama, shusha skrini hadi 1080. Kwenye TV ya inchi 43, ukiwa umekaa mkekani upande wa pili wa sebule, sioni tofauti inayostahili kukunyima usingizi.

Ikiwa TV yako ina programu ya huduma hiyo ndani yake, tumia hiyo na uiache laptopu ipumzike. Hodi za HDMI hazitakuwepo. Bando litaliwa vile vile, kwa hiyo shusha ubora kwenye akaunti yako kabla ya kuanza. Ila kuwa mwangalifu na visanduku vya Android vya bei ya chini visivyo na kibali cha huduma hizo: hata filamu ikicheza, picha huwa hafifu, na hakuna waya utakaoisafisha.

Kwa shangazi niliacha spilita ihudumie dekoda peke yake, kwenye tundu la kwanza. Laptopu ina waya wake unaokwenda moja kwa moja tundu la pili, na ncha yake nimeifunga uzi mwekundu ili watoto wasiukosee.