Somo: Kutambua ngazi ya mhudumu wa dharura Marekani

Nyota ya buluu yenye mikono sita, na fimbo ya nyoka katikati, haikuambii ngazi ya mtu. Utaiona kwenye gari, kwenye begi la vifaa na kwenye sare za ngazi zote. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

1. Soma maneno. Angalia nembo ya begani, au kipande kilichopinda kilichoshonwa chini yake: EMR, EMT, AEMT au Paramedic, kuanzia ngazi ya chini. Rangi usizitegemee, hazifanani jimbo kwa jimbo.

2. Linganisha neno na kazi. EMR hufungua njia ya hewa, huzuia damu na hutumia mashine ya kushtua moyo. Mafunzo yake ni kama saa 50. EMT (mara nyingi saa 120 hadi 190) humpa mgonjwa glukosi ya kumeza au aspirini na kumhudumia njiani hadi hospitali. AEMT huweka dripu, kwenye mshipa au kwenye mfupa, na ana dawa chache za ziada. Paramedic, mwenye mafunzo ya saa 1,000 na zaidi, husoma mchoro wa umeme wa moyo, huingiza mrija kwenye koo la hewa na hubeba dawa nyingi.

3. Kagua karatasi. NREMT, sajili ya kitaifa ya wahudumu wa dharura iliyoanzishwa 1970, hutoa cheti cha kitaifa. Ruhusa ya kufanya kazi hutolewa na jimbo. Cheti hudumu miaka miwili, kikiisha 31 Machi (EMR, 30 Septemba). Tafuta jina kwenye tovuti ya NREMT, kisha kwenye ya ofisi ya EMS (huduma za dharura za matibabu) ya jimbo. Fanya yote mawili: cheti kinaweza kuwa hai na leseni ya jimbo haipo.

MASWALI

Gari limeandikwa ALS (huduma ya juu ya kuokoa maisha). Wote ndani ni Paramedic?
Hapana. Maandishi hayo ni ya gari. Mara nyingi Paramedic ni mmoja, mwenzake ni EMT.

Mkuu, EMT-B na EMT-P je?
Majina ya zamani: EMT-B ni EMT wa leo, EMT-P ni Paramedic. Cha kuogopa ni EMT-I, ngazi ya kati ya zamani, maana ilikuwa na mitaala miwili, ya 1985 na ya 1999, na wa 1999 alifundishwa mengi zaidi. Muulize mwenyewe.

Texas nimeona ECA (Emergency Care Attendant).
Ndiyo ngazi yao ya chini, karibu sawa na EMR.

Nina cheti cha EMT cha Nairobi. Naweza kuvaa nembo hizo nikihamia Marekani?
Usivae. Herufi ni zilezile, lakini cheti chako si leseni ya huko. Andikia kwanza ofisi ya EMS ya jimbo unakokwenda, uulize kozi gani wanaitambua, kabla hujalipia mtihani wowote.