SOMO: Kumvua trauti wa ziwa kwenye maziwa madogo ya Kanada, hatua kwa hatua

Wakuu, kila barafu ikiondoka huku Ontario swali huwa ni lilelile: ziwa limeandikwa lina trauti, watu wanapita na wavu umejaa, mbona mimi naambulia vidagaa vya pembeni tu? Jibu ni fupi. Wewe unavua juu, mwenzako yuko chini kwenye baridi. Somo hili karibu lote ni namna ya kuitafuta hiyo baridi.

Kwanza tumjue mwenyewe. Trauti wa ziwa, Salvelinus namaycush, ni samaki wa maji baridi ya kaskazini mwa Amerika. Anajisikia vizuri kwenye maji ya nyuzi 10 hivi, na anataka oksijeni ya kutosha. Ndiyo maana hayuko kila mahali. Ni takriban asilimia 1 tu ya maziwa ya Ontario yenye samaki huyu, na bado hiyo asilimia 1 inakaribia robo ya maziwa yote duniani anamoishi. Kwenye bahari ya maji baridi kama Ziwa Superior anaweza kuzurura popote. Kwenye ziwa dogo, kiangazi kikikolea, maji yanayomfaa yanabaki sehemu moja au mbili. Hii ni neema kwa mvuvi, ila pia ni sababu ya ziwa dogo kumalizwa upesi. Mtalikumbuka hilo tukifika kwenye kuchukua na kuachia.

Hatua ya 1: Chagua ziwa

Usiende kwa kusikia. Serikali ya Ontario ina ramani ya mtandaoni iitwayo Fish ON-Line. Bonyeza ziwa, utaona samaki waliorekodiwa humo. Mimi napendelea ziwa lenye kina kinachozidi mita 15 na maji maangavu. Hapohapo soma kanuni za eneo lako la uvuvi, maana msimu na idadi hubadilika kutoka eneo hadi eneo, na mengine ziwa kwa ziwa. Ndani ya hifadhi ya Algonquin, kwa mfano, ni marufuku kutumia samaki hai kama chambo. Ukiwa na umri wa miaka 18 hadi 64 na unaishi Ontario, unahitaji kadi iitwayo Outdoors Card na leseni ya uvuvi kabla ya kugusa ndoano.

Hatua ya 2: Ijue sakafu ya ziwa

Mwenye sona, ile mashine inayoonyesha kina na samaki kwenye skrini, atazunguka ziwa taratibu na kuweka alama. Asiye na sona asikate tamaa, chubwi na kamba vinatosha. Chukua kamba isiyovutika, piga fundo kila mita, fundo la kila mita 5 lipake rangi. Shusha chubwi mpaka kamba ilegee mkononi, kisha inyanyue kidogo na uiachie tena. Kwenye mawe utasikia inagonga, mtetemo mkavu unaopanda hadi kwenye kidole. Kwenye tope haigongi. Inazama kimya, na ukiivuta inang'ang'ania kidogo kabla ya kuachia, halafu inakuja na uchafu mweusi.

Unachotafuta ni mahali kina kinapobadilika ghafla: rasi ya mwamba inayoendelea chini ya maji, kilima cha mawe katikati ya ziwa, ukuta unaoanguka kutoka mita 6 hadi mita 18. Trauti hupenda kumbana samaki mdogo kwenye kuta za namna hiyo.

Hatua ya 3: Tafuta tabaka la baridi

Hapa ndipo kwenye utajiri wote, msiparuke. Kiangazi maji ya ziwa hujipanga kwa tabaka. Juu kuna maji ya moto yanayochanganywa na upepo. Katikati kuna tabaka jembamba ambamo joto linashuka kwa kasi, na chini yake kuna baridi tupu. Ziwa dogo lililozungukwa na msitu halipigwi sana na upepo, kwa hiyo tabaka la katikati huwa karibu na juu. Maji yakiwa ya rangi ya chai linaweza kuanzia mita 4 au 5 tu. Yakiwa maangavu linashuka zaidi, mita 7, 8, hata 10.

Funga kipimajoto kwenye ile kamba ya mafundo, kishushe mita 5, subiri kama dakika mbili, kivute haraka usome. Rudia mita 7, mita 9, mita 11. Ukifika kwenye nyuzi 8 hadi 12 umefika nyumbani kwake. Wenye sona wapandishe usikivu wa mashine. Tabaka hujionyesha kama ukungu mwembamba unaokatiza skrini.

Sasa kuna mtego wengi hawaujui. Mtu akisikia "baridi iko chini" anakimbilia shimo refu kuliko yote na kushusha chambo hadi sakafuni. Mwisho wa kiangazi oksijeni ya kule chini kabisa huwa imeshapungua, kwa sababu mabaki ya mimea na viumbe yanaoza na hewa mpya haifiki. Trauti anabanwa: juu joto, chini hakuna pumzi. Basi Agosti mfuate pale lile tabaka la baridi linapogusa mteremko wa mawe, si kwenye kitovu cha shimo.

Masika ni habari nyingine kabisa. Wiki chache baada ya barafu kuondoka ziwa zima lina baridi, na trauti huja hadi maji ya mita 2 au 3 kutafuta chakula.

Hatua ya 4: Kurambaza

Kwa mtumbwi au boti ndogo, kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya chombo kinachotembea, ndiyo njia ya kulisoma ziwa geni. Tumia kiungo cha pete tatu: pete moja mshipi mkuu, ya pili uzi mfupi wenye chubwi ya gramu 60 hadi 90, ya tatu mshipi mwembamba wa mita 2 unaoishia kwenye kijiko chepesi cha rangi ya fedha, yaani chambo bandia cha bati chenye umbo la kijiko. Uzi wa chubwi uwe dhaifu kuliko mingine, ili chubwi ikinasa kwenye mwamba ikatike peke yake. Na kama uko kwenye hifadhi za taifa za Kanada, vifaa vya uvuvi vya madini ya risasi vya chini ya gramu 50 ni marufuku.

Mwendo uwe wa kilomita 2.5 hadi 3.5 kwa saa, yaani kafi za kivivu. Usiende moja kwa moja, pinda kushoto na kulia. Kijiko kilicho nje ya kona kinaongeza kasi na kupanda, cha ndani kinapunguza na kuzama. Akila kwenye kona, jiulize kijiko kilikuwa upande gani. Ameshakwambia anataka mwendo gani leo.

Hatua ya 5: Jigi ya wima

Ukishamwona mahali, acha kurambaza na umshushie jigi nyeupe ya mpira, yaani chambo bandia chenye kichwa kizito, ya sentimita 9 au 10, juu ya kichwa chake. Inua nusu mita, iache ianguke huku mshipi ukiwa karibu kulegea. Mara nyingi anakula jigi ikishuka: mshipi unasimama kabla ya wakati wake. Vuta hapohapo.

Ukiona kwenye sona mstari unapanda kuifuata jigi, kunja rili, usisimame. Kusimama ndiko kunakomfukuza. Yeye ni mkimbizaji, ana uwezo wa kuifuata kutoka mita 20 hadi karibu na mtumbwi. Akichoka na kushuka, mrushie tena chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (kutoka Sudbury): Mkuu asante kwa darasa. Mimi sina boti wala sona, nasimama ufukweni tu. Nina nafasi?

Jibu: Unayo, ila ni ya masika. Nenda mapema baada ya barafu kuondoka, simama kwenye rasi yenye mawe au ufukwe unaopigwa na upepo, urushe kijiko cha gramu 10 hadi 20. Kivute taratibu, kila baada ya mizunguko michache kiache kizame kidogo. Maji ya juu yakipita nyuzi 15, funga virago.

Swali (kutoka Thunder Bay): Kaka, nikimvuta kutoka chini sana naona mapovu mengi yanatangulia juu. Anakufa huyo?

Jibu: Hapana, ni hewa ya kibofu chake cha kuelea. Trauti anaweza kuitoa kwa mdomo anapopanda, tofauti na samaki wengi wanaovimba tumbo. Kinachomuua kiangazi ni yale maji ya juu yenye joto na kumshika muda mrefu ukipiga picha. Mwache majini, mtoe ndoano kwa koleo, aende. Na hapa nitasema wazi: Julai, maji ya juu yakiwa nyuzi 22, sikubaliani na kuvua na kuachia kutwa nzima. Chukua anayeruhusiwa, kisha kunja mshipi. Samaki hawa wengi hawazai kabla ya miaka 6 hivi, na ziwa dogo halina wa akiba.

Swali: Kuna ambao nyama yao ni ya rangi ya chungwa na wengine nyeupe. Ni aina mbili? Na vipi kuhusu zebaki?

Jibu: Ni aina moja, rangi inatokana na chakula. Anayekula sana viumbe vidogo jamii ya kamba wa majini huwa na nyama ya rangi. Zebaki ipo, na huongezeka kadiri samaki anavyokuwa mkubwa na mzee. Ontario ina mwongozo wa kula samaki unaotaja ziwa na urefu wa samaki. Mama mjamzito na watoto wana kiwango chao. Wa sentimita 40 ni mtamu zaidi pia.

Swali (kutoka Wyoming): Ninyi mnahubiri kumwachia, huku Ziwa Yellowstone sheria inatuambia kila tukimpata tumuue. Imekaaje?

Jibu: Kwa sababu huko ni mvamizi, dada. Aligunduliwa mwaka 1994 na akawala trauti wa asili wa pale. Yule wa asili hupanda vijito kuzaa, dubu na ndege wakampata. Huyu wetu hutaga ndani ya ziwa kwenye mawe, hakuna mnyama anayemfikia. Fuateni sheria ya kwenu.

Swali: Barafu inene kiasi gani ndiyo niingie na jigi?

Jibu: Barafu angavu ya sentimita 10 kwa mtu anayetembea kwa miguu. Nyeupe yenye theluji ndani yake ina nusu ya nguvu hiyo, kwa hiyo idai unene maradufu. Toboa kila baada ya hatua kadhaa ukienda, maana penye mkondo au mlango wa kijito unene hubadilika ghafla. Na hakikisha kwanza ziwa hilo linaruhusu uvuvi wa majira ya baridi, Algonquin hawaruhusu.

Swali: Nimevua mmoja, jirani ananiambia ni chotara. Nitajuaje?

Jibu: Tazama mkia. Wa trauti wa ziwa umegawanyika kwa bonde refu. Wa trauti wa vijito umekatwa karibu mraba. Chotara wao, spleki, yuko katikati. Tuma picha mkia ukiwa umetandazwa, tukuambie.